Mkiachana, mbwa au paka anabaki na nani?

Habari za Hispania zimewafikia watu wengi wa Tanga kupitia simu zao: huko hakimu anaweza kuamua mbwa wa familia akae na nani baada ya talaka, na hata kuwapangia waliokuwa mume na mke siku za kukaa naye. Habari hiyo ni ya kweli. Sheria yao Na. 17 ya mwaka 2021 ilianza kutumika tarehe 5 Januari 2022, na inamtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia. Jimbo la Alaska nchini Marekani lilitangulia kwa njia kama hiyo mwaka 2017, na California ikaingia mwaka 2019. Tatizo linaanza pale mkazi wa Makorora au Chumbageni anapoibeba habari hiyo hadi Mahakama ya Mwanzo na kuomba apewe "ulezi wa paka". Hakimu wa hapa hana kifungu cha kumpa.

Hiyo haina maana kwamba hana haki. Haki ipo, ila mlango wake ni mwingine, na anayegonga mlango usio wake hurudi nyumbani mikono mitupu huku mwenzake ameshamhamisha mnyama.

Tuanze na maneno yanayochanganywa. Kutengana ni wanandoa kuacha kuishi pamoja huku ndoa ikiwa bado hai. Kunaweza kuwa kwa hiari yao au kwa amri ya mahakama. Talaka inaivunja ndoa. Ulezi, kwa lugha ya mahakama, ni wa watoto tu: nani akae nao, nani awatembelee, nani atoe matunzo. Mali ya ndoa ni ile iliyochumwa na wawili kwa jasho lao wakati wa ndoa, awe aliyeilipia ni mmoja au wote. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, mbwa, paka, sungura na njiwa wanaingia kwenye neno hili la mwisho. Wako kundi moja na kabati, jokofu na ng'ombe wa maziwa.

Wapo wanaoumia kusikia hivyo, na wana haki ya kuumia. Mnyama anaona njaa, anaogopa, anamjua anayemlisha. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inalitambua hilo, ndiyo maana inamtaka mwenye mnyama au anayemtunza ampe chakula, maji, malazi na tiba, na inakataza ukatili. Lakini sheria hiyo inasema mnyama atunzwe vipi. Haisemi wanandoa wakiachana aende kwa nani. Kwa swali hilo tunarudi kwenye mali.

Mali inagawanywaje

Kifungu kinachotajwa kila siku ni cha 114 cha Sheria ya Ndoa. Kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, inapotoa amri ya talaka au ya kutengana, au baadaye. Hakimu huangalia mambo manne: mila za jamii ya wanandoa, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni waliyoingia kwa faida yao wote, na mahitaji ya watoto. Baada ya kuyapima hayo, sheria inamwelekeza aegemee kwenye usawa.

Neno "kazi" hapo lina uzito. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, kazi za nyumbani za mke zinahesabiwa kuwa mchango katika mali ya ndoa. Kwa mantiki hiyo hiyo, aliyekuwa anachemsha dagaa na dona kila jioni, anaosha banda na kumshika mnyama wakati wa kuchomwa sindano amechangia, hata kama fedha ya kumnunua ilitoka mfuko wa mwenzake. Kauli ya "mimi ndiye niliyelipa" haimalizi kesi.

Ila si kila mnyama aliyemo ndani ya uzio ni mali ya ndoa. Mbwa uliyekuja naye kabla ya kuoana ni wako, na mali ya mmoja haigeuki ya wawili kwa sababu tu ya ndoa. Mwenzako anaweza kudai sehemu akithibitisha kwamba mali hiyo iliboreshwa kwa kiasi kikubwa na yeye au na nyote wawili. Kwa ng'ombe au banda la kuku hoja hii ina nguvu, kwa paka ni vigumu kuisimamisha. Vilevile, mume akimpa mke sungura kuwa zawadi wakati wa ndoa, sheria inadhani tangu siku hiyo sungura ni wa mke peke yake, hadi mtu athibitishe vinginevyo. Na mnyama aliyepewa mtoto kama zawadi ni wa mtoto. Baba na mama hawana cha kugawana hapo.

Hoja ya mtoto ndiyo ambayo watu wengi huisahau, na kwa maoni yetu ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Mahitaji ya watoto yametajwa ndani ya kifungu chenyewe cha mgawanyo. Kama mtoto wa miaka tisa anakwenda kuishi na mama yake huko Kange, na paka analala chini ya kitanda chake tangu akiwa kinda, mama ana sababu ya kisheria ya kuomba paka awafuate. Asiombe "ulezi wa paka". Aombe paka awe kwenye fungu lake la mali, na sababu aitaje waziwazi: mahitaji ya mtoto. Kwa mtoto aliye chini ya miaka saba sheria inaanza na dhana kwamba ni heri akae na mama, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa. Kwa hiyo mara nyingi swali la mnyama hujibiwa na swali la mtoto.

Kadi ya chanjo na ushahidi mwingine

Watu wengi huamini kwamba jina lililoandikwa kwenye kadi ya chanjo ndilo la mwenye mbwa, basi. Kadi hiyo ni kama kadi ya pikipiki: jina lililopo linampa mtu mahali pa kuanzia, kwa kuwa sheria inadhani mali iliyo kwa jina la mmoja ni yake, lakini dhana hiyo inapinduliwa kwa ushahidi. Kwenye chanjo za kampeni jina huandikwa la aliyemshika kamba siku hiyo, pengine mtoto wa jirani.

Ushahidi unaosaidia ni wa kawaida kabisa. Ujumbe wa malipo kwenye simu kwenda kwa aliyeuza mbwa au kwa daktari wa mifugo. Risiti za dawa za minyoo. Picha zenye tarehe zinazoonyesha mnyama aliingia lini nyumbani, maana tarehe ndiyo inayotenganisha mali ya kabla ya ndoa na ya ndani ya ndoa. Jirani aliyekuwa akiona nani anamlisha. Afisa mifugo wa kata anayekumbuka nani aliyekuwa akimpeleka. Ushahidi ukusanye ukiwa bado unaishi humo. Ukishatoka na begi, kadi hubaki kwenye droo usiyoweza tena kuifungua. Ipige picha pande zote mbili, hata kama hutarajii ugomvi.

Thamani nayo ina matatizo yake. Mbwa wa kienyeji sokoni hana bei ya maana, na hakimu mwenye orodha yenye nyumba, shamba la minazi na bodaboda hatatumia asubuhi nzima kwa ajili yake. Asiyemtaja kwenye madai yake, hatamkuta kwenye hukumu. Andika mstari wake mwenyewe: jinsia, rangi, alama ya pekee, umri, alipatikana lini na vipi. "Mbwa mmoja" haitoshi, kwa sababu siku ya kukabidhiana mtu anaweza kuletewa mbwa mwingine.

Mbwa mbele ya mashehe

Tanga ni mji ambao ndoa nyingi ni za Kiislamu, na shauri huanzia kwa mashehe kabla ya kufika kwa hakimu. Hapo kuna jambo linalowachanganya wengi. Katika fikihi ya Kishafi, yaani sheria za Kiislamu kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo inayofuatwa zaidi pwani hii, kumfuga mbwa kwa ajili ya ulinzi, mifugo au mawindo kunaruhusiwa, lakini mbwa hauzwi wala hana thamani ya bidhaa. Mwenye naye ana haki ya kumtumia, basi. Ukimwambia shehe "anilipe nusu ya bei ya mbwa", utakuwa unaomba bei ya kitu ambacho kwa fikihi hiyo hakina bei. Paka hana mzozo huo. Mbele ya hakimu mambo ni tofauti: mbwa ni mali kama mali nyingine, na fidia ya fedha inaweza kuzungumzwa. Kwa hiyo kwa mashehe omba makubaliano ya nani abaki naye amtunze, na hesabu ya fedha, kama ipo, iache kwa mahakama.

Jambo la pili ni talaka yenyewe. Talaka ya mdomo, au ya karatasi iliyoandikwa nyumbani, haigawi mali. Utaratibu unaanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, ambalo linaweza kuwa la kata au la taasisi ya dini inayotambuliwa. Baraza likishindwa kuwapatanisha hutoa hati ya kuthibitisha hivyo, na mahakama kwa kawaida haipokei madai ya talaka bila hati hiyo, isipokuwa kwa hali chache za pekee. Ukiwa nayo unaweza kwenda Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Zote zina uwezo wa kusikiliza shauri la ndoa. Ya Mwanzo ndiyo iliyo karibu na nafuu.

Walioishi pamoja bila kufunga ndoa nao wasikate tamaa. Wakithibitika kuishi pamoja miaka miwili au zaidi na kuonekana na jamii kuwa mume na mke, mahakama inaweza kuwatazama kama wanandoa katika kugawana walichochuma. Na kwa ndugu zetu wanaovuka kwenda Pemba: Sheria hii ya Ndoa haifiki Zanzibar. Kule kuna sheria zake na Mahakama za Kadhi, kwa hiyo mnyama akishavushwa bahari, mzozo unakuwa mgumu maradufu.

Makubaliano yaliyoandikwa

Kwa kuwa mahakama inamtazama mnyama kama mali, njia bora zaidi ya kumlinda ni wanandoa kukubaliana wenyewe. Wakikubaliana, wanaweza kupanga kile ambacho sheria haikipi jina: kumtembelea, kugawana gharama, hata kumchukua wakati wa likizo za watoto. Hakuna kinachowazuia.

Karatasi yenyewe isiwe ya mistari miwili. Iseme mnyama ni yupi kwa maelezo kamili, anabaki na nani, anakabidhiwa tarehe gani na kadi ya chanjo inakwenda kwa nani. Iseme nani analipia chanjo ya kichaa cha mbwa, inayoanza mnyama akifikisha miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, na nani analipa akiugua ghafla. Iseme nini kitatokea mwenye kubaki naye akihama mkoa au akishindwa kumtunza: mwenzake apewe nafasi ya kwanza ya kumchukua kabla hajapewa mtu wa nje. Kama mnyama ni jike, iseme kuhusu watoto. Mbwa na paka hubeba mimba kwa takriban siku 63, muda ambao shauri la talaka linaweza kupita bila hata kusikilizwa mara ya pili, na ugomvi wa watoto sita wa mbwa ni mkubwa kuliko wa mama yao. Watoto hao wasiachishwe mama kabla ya wiki nane.

Saini ziwe za wote wawili na mashahidi wawili, mmoja kutoka kila upande. Muhuri wa serikali ya mtaa unasaidia kuthibitisha kwamba karatasi ilikuwepo, lakini hauifanyi kuwa amri. Ili iwe amri, iwasilishwe mahakamani wakati wa shauri na kuombwa iingizwe kwenye hukumu kama sehemu ya maridhiano. Tofauti ni kubwa: karatasi ya mkononi ikivunjwa unafungua madai mapya ya mkataba, ila iliyo ndani ya hukumu inatekelezwa kama hukumu.

Kosa linalorudiwa sana ni kumficha mnyama kwa ndugu, Muheza au Pangani, kwa kudhani kwamba akishatoka nyumbani si mali ya ndoa tena. Bado ni mali ya ndoa, na kitendo hicho kinamharibia jina mtu mbele ya hakimu aliyepaswa kumwamini katika mambo makubwa zaidi. Ukiona dalili za kufichwa au kuuzwa, iombe mahakama izuie mali zote za orodha zisiuzwe wala kuhamishwa hadi shauri liishe, na mnyama awe amo kwenye orodha hiyo.

Kila mnyama na tabia yake

Hapa ndipo haki ya karatasi inapokutana na mnyama mwenyewe. Kugawana siku kunaweza kumfaa mbwa, kwa sababu mbwa humfuata mtu. Akihamishwa, chakula chake kisibadilishwe siku hiyo hiyo; changanya cha zamani na kipya kwa muda wa wiki moja ili asiharishe, na kwa siku za mwanzo asitoke bila kamba. Mbwa wa ulinzi aliyefundwa na mtu mmoja akipelekwa kwa mwingine huweza kuwa mkali kwa watoto wasiomjua, kwa hiyo anayempokea awepo nyumbani siku za kwanza, asimwachie msaidizi wa kazi.

Paka ni kinyume. Yeye hushikamana zaidi na mahali. Kumzungusha kila wiki kati ya nyumba mbili ni kumtesa, na mara nyingi atatoroka kurudi alikozoea, avuke barabara na kupotea. Mwenye kubaki na nyumba ana hoja nzuri ya kubaki na paka. Kama lazima ahame, afungiwe ndani ya nyumba mpya wiki tatu hadi nne, awe na kitambaa chenye harufu ya nyumba ya zamani, na atolewe nje kwa mara ya kwanza akiwa na njaa kidogo, kabla ya mlo wake, ili arudi. Safarini kwenda Dar es Salaam asipewe chakula saa nne hadi sita kabla ya basi kuondoka. Awekwe kwenye kikapu chenye mfuniko, apate hewa, na asiwekwe kwenye buti. Kabla ya kumsafirisha mnyama yeyote kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine, pita kwa afisa mifugo uulizie kibali.

Njiwa ndio wanaowashangaza watu. Mume hupewa jozi kumi kwa hukumu, akawabeba hadi Pongwe, na siku akifungua mlango wote wanarudi kwenye banda la zamani, nyumbani kwa mke. Njiwa mkubwa hukumbuka bandani kwake, na jozi iliyozoeana ikitenganishwa huchelewa kuzaa tena. Mgawanyo unaofanya kazi ni kuwaacha wakubwa kwenye banda lao na kumpa anayeondoka makinda watakaofuata, kwa idadi iliyoandikwa, wachukuliwe wakiwa na umri wa mwezi mmoja hivi, wanapoanza kujilisha na kabla hawajaruka kuzunguka banda. Hao watalijua banda jipya kuwa ndiyo kwao.

Kasuku, kobe na komba wako mbali na haya yote. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyamapori ni mali ya umma na anafugwa kwa kibali tu. Asiye na kibali akimtaja kasuku kwenye orodha ya mali anajitangazia kosa mahakamani. Kasuku wa kijivu yuko pia kwenye daraja la juu kabisa la ulinzi dhidi ya biashara ya kimataifa ya viumbe tangu Januari 2017. Wasiliana na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori kabla hujamgawa, kwa sababu hata kibali kikiwepo, jina lililo juu yake halibadiliki kwa hukumu ya talaka peke yake.

Inabaki hali ambayo hakuna anayeizungumzia: mnyama asiyetakiwa na yeyote. Mume kapanga chumba kimoja, mke karudi kwa wazazi wasiotaka mbwa, na mbwa anaachwa uani kwa jirani mwenye huruma. Wajibu wa kumtunza haukomi kwa kuhama. Wote wawili waandike nani anabeba gharama ya chakula mpaka apatikane wa kumchukua, wamchanje upya kama kadi imepotea, maana kurudia chanjo hakumdhuru, na wamkabidhi mtu mmoja mwenye jina na namba ya simu, mbele ya mjumbe, pamoja na kadi yake na kamba yake.